Askari Azuru Ssese Bila Bunduki

Askari wetu wengi wanavijua visiwa vya Ssese, lakini wanavijua kwa njia moja tu, nayo ni njia ya zamu. Hufika kwa boti ya doria, hukagua nyavu, huandika majina, kisha huondoka. Sisi twaona kwamba ndugu hawa, wanajeshi na polisi, wapatapo likizo yafaa wavizuru visiwa hivyo kama wageni, wamevaa nguo za kiraia na kushika mkoba mahali pa bunduki.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Masaka njia yateremka hadi Bukakata, ambako kivuko huwavusha watu bila nauli mpaka Luku, katika kisiwa cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote 84. Barabara hufuata mgongo wa kisiwa, na maji ya Ziwa Victoria huonekana kati ya miti. Tumbili hukatiza mbele ya msafiri bila haraka, naye furukombe hulia kutoka kileleni mwa mti ulio ufukweni. Dagaa huanikwa juani karibu na nyumba. Harufu yao mgeni ataizoea siku ya pili, au hataizoea kabisa.

Hata hivyo tusidhani kwamba ukimya huu ni wa tangu kuumbwa kwa dunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi mno kando ya ziwa, na kufikia mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamishia wakazi wa Ssese bara. Mashamba yalibaki bila wenyewe, msitu ukayaingia. Hivyo baadhi ya miti anayoistaajabia mgeni imeota juu ya viunga vya watu walioondolewa kwa amri. Huko Bugala msitu huo nao umepungua sana tangu miaka ya 2000, ukiipisha michikichi.

Mtu ambaye babu yake alihamishwa kwa amri ana sikio jepesi kwa sauti ya amri, na katika nchi ya Waganda Kiswahili chetu hiki kimesikika kwa muda mrefu kama sauti hiyo hiyo. Mwaka 2017 Serikali iliwatuma wanajeshi ziwani kuukomesha uvuvi haramu. Sababu ilikuwapo, kwani sangara asiyefika sentimita 50 akivuliwa, hajapata nafasi ya kuzaa vya kutosha. Lakini malalamiko ya wavuvi waliopigwa na kuchomewa mitumbwi yalifika hadi Bungeni. Sheria ya samaki haikumtaka mtu yeyote apigwe.

Tena Wasese si wageni wa kazi ya jeshi. Katika karne ya 19 mitumbwi yao ya mbao zilizoshonwa kwa kamba ndiyo iliyoyabeba majeshi ya Kabaka, na mwaka 1875 Mutesa wa Kwanza alipopigana na Wavuma, wapiga makasia wa Ssese walikuwamo vitani. Askari akiketi na mzee wa huko, akamwuliza habari za mitumbwi hiyo, atasimuliwa mambo asiyofundishwa chuoni.

Afikapo kijijini, kwanza aende kwa mwenyekiti wa kijiji ajitambulishe. Asalimie kwa Kiganda, hata kikiwa kibovu. Watoto watacheka, na kicheko hicho si dharau. Akitaka kwenda Bubembe, kwenye mahali pa kuabudia pa Mukasa, aombe ruhusa kwa wanaopatunza. Tena akiletewa samaki, alipe. Hili twalitilia mkazo kwa sababu samaki wa bure, apewaye mtu mwenye cheo, mara nyingi hutolewa kwa hofu, na wanaotoa hawasahau. Aliyelipa naye hasahauliki: siku atakaporudi kwa zamu, amevaa sare, watu watamtambua usoni, na mwenye mtumbwi hatakimbilia matete.