Ramani Haifundishi Kihispania

Vijana wetu waliomaliza kozi za kufundisha Kiingereza wana wimbo mmoja, Nairobi na Dar es Salaam vilevile. Tafuta kazi Madrid, Barcelona, Medellín au Jiji la Meksiko. Mchana fundisha Kiingereza, mshahara ulipe kodi ya nyumba, na Kihispania kitakuingia chenyewe kwa kuwa unaishi na wenyewe. Baada ya mwaka utarudi na lugha mbili kubwa za dunia, zote za kuandika kwenye wasifu wa kazi. Ukishakubali hayo, kinachobaki kujadiliwa ni ramani tu: Hispania au Amerika ya Kilatini, mji wa pwani au wa milimani, wapi kodi ni nafuu, wapi wanazungumza kwa lafudhi nzuri.

Sikubaliani na hata nusu yake. Kihispania hakimwingii mtu kwa sababu tu majirani wanakizungumza. Na katika watu wote wanaohamia nchi za Kihispania, awe mpishi, fundi rangi, yaya au mwanafunzi wa uuguzi, hakuna aliyekaa vibaya kwa kujifunza kuliko mwalimu wa Kiingereza. Wale wengine hulipwa wafanye kazi kwa Kihispania kibovu mpaka kinyooke. Mwalimu wa Kiingereza hulipwa ili asikiseme kabisa.

Tazama siku yake. Wizara ya Elimu ya Hispania ina mpango wa wasaidizi wa mazungumzo, ambao kila mwaka huingiza maelfu ya vijana wa kigeni katika shule za umma. Kazi yenyewe ni nyepesi, saa kumi na mbili hadi kumi na sita kwa wiki, na ndiyo maana husifiwa kuwa njia bora ya kujifunza lugha: eti muda wa kujifunza upo tele. Madrid, ambako mpango wa shule za lugha mbili ulianza mwaka 2004, masomo kama sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na msaidizi mara nyingi huombwa ajifanye hajui neno hata moja la Kihispania, watoto wasije wakapata njia ya mkato. Mtoto akianguka uwanjani akalia kwa Kihispania, abembelezwe kwa Kiingereza. Asubuhi imekwenda hivyo.

Mchana je? Kwa miaka mingi posho ya mpango huo ilikuwa euro 700 kwa mwezi katika mikoa mingi na euro 1,000 Madrid. Hiyo si fedha ya kupanga peke yako katika mji mkuu wa Ulaya ukatulia, kwa hiyo msaidizi hutafuta vipindi vya nyumbani. Mtoto wa wakili saa kumi na moja jioni, mhasibu anayejiandaa na mtihani wa Cambridge saa moja usiku. Hao wanalipa kwa saa, na hawalipi ili wamsikilize akiibananga lugha yao. Usiku anarudi kwenye fleti anayochangia na wasaidizi wenzake, mmoja wa Texas, mmoja wa Dublin, kwa sababu ndio aliowapata kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapanda ndege. Mwisho wa juma wanatoka pamoja kwenda baa yenye jioni ya kubadilishana lugha, ambako Wahispania waliojitokeza wamefuata Kiingereza chao, tena cha bure. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Madrid mwenyeji anapona kwelikweli. Mgeni anaondoka Mei akiwa na Kihispania cha kuagizia bia.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini habari hii, maana ushahidi tunao nyumbani. Moshi na Arusha zimepokea vijana wengi wa Ulaya na Marekani waliokuja kujitolea kufundisha Kiingereza. Wanakaa pamoja, wanapikiwa, wanafundisha, wanapanda mlima, wanamalizia Nungwi. Wengi huondoka na mambo, poa, asante sana na bei ya bodaboda. Hakuna anayeilaumu Moshi kwamba Kiswahili chake hakishiki. Lakini wale wa Peace Corps, ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, kwanza huwekwa kwa wiki kadhaa katika familia ya Kitanzania huku wakisoma Kiswahili, kisha hupelekwa kijijini ambako mwenye duka hana lugha nyingine ya kuwauzia sabuni. Hao ndio unaowakuta kwenye basi la Njombe wakibishana nauli na kondakta. Nchi ni hiyohiyo na Kiswahili ni kilekile. Kundi moja lilibanwa, jingine halikubanwa.

Najua jibu nitakalopewa. Mtoto wa Kijaluo au wa Kikamba aliyekulia Eastlands hakupelekwa kozi ya Kiswahili. Alikiokota uwanjani akicheza mpira. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Wenzake hawakuwa na haja yoyote na lugha ya nyumbani kwao, na asipojua Kiswahili hapasiwi mpira. Mwalimu wa Kiingereza anaishi kinyume cha hapo. Lugha aliyokuja nayo ndiyo anayotafutiwa, ndiyo inayomlisha, na kila anapokwama katikati ya sentensi ya Kihispania yupo mtu mkarimu wa kumvusha kwa Kiingereza. Ukarimu huo ndio unaommaliza.

Serikali ya Marekani, ambayo haina sababu ya kuwa na mahaba katika jambo hili, huwafundisha wanadiplomasia wake Kihispania Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Chuo chao hukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Kiswahili wamekipa saa 900. (Sifa kwetu, au pole kwao.) Katika hesabu hiyo hakuna jina la mji; kuna saa, na juu yake kujisomea jioni. Sasa mchukue msaidizi wetu wa Madrid. Tumfanyie ukarimu tuseme anapata nusu saa ya mazungumzo ya kweli kila siku, Jumapili zikiwemo. Miezi minane, Oktoba hadi Mei, haitamfikisha saa 130. Halafu watu wanashangaa kwamba alikaa mwaka mzima wa shule huko na bado anatafuta maneno.

Ukifika hapa kwenye ubishi, mtetezi wa ramani hukimbilia lafudhi. Kihispania safi ni cha Valladolid. Hapana, cha Bogotá. Kaa mbali na Andalusia na Kuba, wanameza s. Kaa mbali na Argentina, wanasema vos badala ya tú. Maneno ya namna hii tumeyasikia kwetu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mpaka leo wapo wanaomsikiliza mzee wa Mombasa mwenye Kimvita kizito kama mtu aliyekosea mtihani. Upuuzi ni uleule ng'ambo. Akademia ya Madrid, iliyoanzishwa mwaka 1713, leo ni moja tu katika jumuiya ya akademia 23 za Kihispania, na ya Guinea ya Ikweta imo. Gabriel García Márquez, aliyepewa Nobel ya fasihi mwaka 1982, alizaliwa Aracataca, katika ukanda wa Karibi wa Kolombia, kwa haohao wameza s. Mtu ambaye bado hawezi kumweleza daktari panapomuuma hana daraja la kuchagua lafudhi. Achukue atakayopewa na jirani yake.

Uchaguzi unaoniudhi kuliko wote ni Barcelona. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978 inaruhusu lugha nyingine ziwe rasmi katika maeneo yake pamoja na Kihispania, na katika shule za umma za Katalunya lugha ya kawaida ya kufundishia ni Kikatalani. Wenyewe wanazijua zote mbili, na ukiwauliza kwa Kihispania watakujibu. Ila kikao cha walimu, barua za wazazi na utani wa wakati wa kahawa vinaweza kupita vyote kwa Kikatalani. Ni lugha yenye heshima yake na fasihi yake, anayeitaka aende. Lakini aliyesema anafuata Kihispania, akaenda kufundisha Kiingereza kati ya wenzake wanaotaniana kwa Kikatalani, huyo amefuata ufukwe. Kupenda ufukwe si dhambi. Aseme tu.

Hali ni hiyohiyo katika mitaa ya Roma na Condesa, Jiji la Meksiko, au El Poblado, Medellín, ambako wageni wenye kompyuta za kupakata wamejaa mpaka mhudumu wa mkahawa anaanza kwa Kiingereza kabla hujafungua mdomo. Julai 2025 wakazi wa Jiji la Meksiko waliandamana huko Condesa, wakilalamikia kodi zinazopandishwa na wageni hao. Anayekwenda kupanga mtaa huo ili apate kuzungumza na wenyeji anashiriki kuwahamisha wenyeji aliowafuata. Sijui ni mazoezi gani ya lugha hayo.

Katika orodha hizi za miji, jina la Malabo, Guinea ya Ikweta, halitajwi. Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968 na ndiyo nchi pekee ya Afrika kusini mwa Sahara ambako Kihispania ni lugha rasmi, tena cha ofisini na shuleni. Simshauri mtu aende kichwakichwa. Nchi imetawaliwa na mtu mmoja tangu 1979, na kuingia kwake si lelemama. Ila ukimya wenyewe unasema kitu. Kama shida ingekuwa Kihispania kweli, angalau tungemsikia kijana mmoja wa Kiafrika akiuliza habari za huko, au za Sucre, au za mji wa ndani wa Extremadura. Wanauliza habari za miji waliyoiona kwenye picha za wenzao.

Sisemi watu wote hurudi mikono mitupu. Wapo waliotoka Madrid wakizungumza vizuri, na ukiwabana wakueleze hutasikia sifa za Madrid. Utasikia habari za mchumba na mama yake mchumba, timu ya mpira ya mtaani, kazi ya jikoni mwishoni mwa juma, kwaya ya kanisa. Kila mmoja alijipatia mahali ambapo Kiingereza chake hakikuwa na soko.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mwajiri si ya hali ya hewa. Vipindi ni vingapi kwa wiki, na vya jioni ni lazima? Walimu wengine wa kigeni ni wangapi? Wakiwa zaidi ya watatu, tafuta shule nyingine. Nyumba ni ya nani, na mwenyewe anaishi humo? Na la muhimu kuliko yote, usianze kufundisha kabla ya kusoma. Quetzaltenango, Guatemala, mji ambao wenyewe huuita Xela, una shule zinazokukalisha na mwalimu wako peke yako kwa saa kadhaa kila siku, kisha unarudi kula na familia uliyopangiwa. Miezi miwili mitatu ya namna hiyo, ikilipiwa kwa akiba uliyoiweka nyumbani, itakupa zaidi ya mwaka wa kuhesabu vipindi. Hispania nayo ina shule za umma za lugha, ya kwanza ilifunguliwa Madrid mwaka 1911, ambazo nyingi hufundisha wageni Kihispania kwa ada ndogo. Msaidizi wa saa kumi na mbili anaweza kukaa humo jioni, badala ya kukaa na mtoto wa wakili. Atakuwa na euro chache mfukoni. Hapo ndipo utamjua aliyefuata lugha na aliyefuata euro.

Kuna na jambo la pasipoti. Matangazo mengi ya kazi hutaka mzawa wa Kiingereza, na kwa waajiri wengi maana yake ni Mwingereza, Mmarekani, Mkanada na jamaa zao. Mganda aliyesoma, kufanya mitihani na kufundisha kwa Kiingereza maisha yake yote anaambiwa si chake. Huo ni ubaguzi, na unastahili kuitwa hivyo. Lakini akinyimwa shule ya katikati ya jiji akapewa ya mji mdogo ambao Mmarekani ameukataa, aitwae. Tena ana kitu ambacho kijana wa Texas hana: amekua na lugha tatu, na hajawahi kuona aibu kuzungumza lugha asiyoimudu.

Ukinibana nitaje mji, nitataja Teruel. Ni mji mdogo wa ndani, mashariki mwa Hispania, ambao mwaka 1999 watu wake waliamua kuanzisha vuguvugu la kuikumbusha nchi yao kwamba wapo. Hauna ufukwe wala umati wa wageni wa kukuficha. Ukiwaambia Wahispania wa Madrid kwamba unahamia huko watacheka, watakuuliza umekosa nini. Mwenye nyumba naye atataka kujua unatoka wapi, wazazi wako ni nani, umekula nini, na huenda asiwe na Kiingereza cha kuulizia hata moja kati ya hayo. Mwombe chumba. Na ubebe koti zito, baridi ya huko si ya Limuru wala ya Makete.