Lehemu Isibebe Lawama ya Chumvi

Aghalabu, mtu apatwapo na kiharusi hapa Mwanza, majirani hukusanyika barazani wakaishutumu lehemu, yaani ile kolesteroli, ilhali wamesahau kuwa maradhi hayo ni ya namna mbili: mshipa kuziba, na mshipa kupasuka hata damu ikavuja ubongoni. Lehemu nyingi ni hasimu katika namna ya kwanza. Katika ya pili mshitakiwa mkuu ni shinikizo la damu, na ajabu ni kwamba lehemu ikishuka mno, hatari ya kuvuja damu yaelekea kuzidi kidogo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006, juu ya watu 4,731 waliokwisha kuguswa na kiharusi, ulibainisha kwamba waliopewa dawa ya kuteremsha lehemu walipungukiwa na viharusi kwa jumla, lakini waliovuja damu ubongoni walikuwa 55, dhidi ya 33 wa upande wa pili. Dawa isitupwe, kwani faida ilizidi hasara.

Walakini si insafu kumkataza mzee wa Kirumba sato wake wa kuchemsha kwa hofu ya lehemu, huku kayabo, yule sangara aliyekaushwa kwa chumvi tele ipandishayo shinikizo, apita mezani bila kuulizwa. (Nami ni mpenzi wa kayabo, sijitakasi.) Kupima shinikizo ni kazi ya dakika chache; laiti kipimo kingewekwa mwaloni, wapitapo wavuvi na wachuuzi wa dagaa alfajiri, wengi wasingengoja kuijua njia ya kilimani, kwenye hospitali ya Bugando, wakiwa machelani.