Bugesera: mwenye kauli ni nani?

Ndugu mwandishi, umesifu majengo ya uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, mkataba umeupita mbio. Mwaka 2017 ujenzi wa Bugesera ulizinduliwa, kampuni ya Mota-Engil ya Ureno ikiwa na hisa asilimia 75. Desemba 2019 wakaingia Qatar Airways kwa asilimia 60, gharama ikafika dola bilioni 1.3, ramani ikachorwa upya. Mtaji wa nje sina ugomvi nao. Nauliza nani atapanga ada ya abiria na kodi ya kibanda cha kahawa pale ndani: sisi Wanyarwanda wenye asilimia 40, au Doha? Angalau kule JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mkataba uliopendekezwa na kampuni ya Adani ya India ulivuja 2024, wafanyakazi wakagoma, ingawa Rais Ruto aliufuta (tusidanganyane) pale tu Marekani ilipomfungulia mwenye kampuni, Adani, mashtaka. Hapa Kigali tunatangaziwa tarehe mpya ya ufunguzi tu. Vifungu vya mkataba je?