Leseni ya Udalali Ihuishwe kwa Mwenendo, si kwa Ada Pekee

Miongoni mwa shughuli zilizopanuka kwa haraka katika visiwa vyetu miaka ya karibuni ni udalali wa nyumba na viwanja. Zamani dalali alijulikana kwa sauti yake mnadani na kwa uaminifu wake mtaani. Leo dalali ana simu mbili mkononi, picha za nyumba kumi, na wateja walioko Unguja, Dar es Salaam, Maskati na London kwa wakati mmoja. Hatuoni ubaya katika kupanuka huko. Mwenye nyumba anahitaji mpangaji, mpangaji anahitaji nyumba, na mtu anayewakutanisha kwa haki anastahili ujira wake. Tunalouliza leo ni jambo moja tu: mtu huyo anapokwenda kuhuisha leseni yake mwaka unapomalizika, anaulizwa nini?

Kwa desturi iliyozoeleka, anaulizwa kama amelipa. Akionyesha kuwa hadaiwi kodi na ada ya leseni ameitoa, karatasi hupigwa muhuri na mwaka mwingine huanza. Haulizwi amewauzia nani, amepokea fedha za nani, wala ni wangapi waliokwenda kwa sheha wakilia kwa sababu yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si ndogo.

Hatuna budi kwanza kuangalia kinachouzwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu, na visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Kila kiwanja kinachopimwa Tunguu, Fumba au Chake Chake kina watu wengi wanaokitamani, na penye tamaa ya wengi ndipo mdanganyifu anapopata soko.

Tena ardhi yetu si bidhaa kama kanga au mchele. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na wakulima waliokuwa hawana kitu wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 ikathibitisha msingi huo: ardhi ni ya umma, na anachopata mwananchi ni haki ya kuitumia. Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya mwaka 1994 ikaweka bodi ya kuangalia namna haki hiyo inavyotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Kwa hiyo dalali anapomwambia mteja kuwa "kiwanja hiki ni chako moja kwa moja, lipa leo", ama hajui sheria ya nchi yake, ama anaijua na anaificha. Katika hali zote mbili hastahili kuwa na leseni.

Kuna mali za aina tatu ambazo dalali muadilifu huzigusa kwa hadhari kubwa. Ya kwanza ni nyumba au shamba la wakfu. Mali hiyo ilitolewa na mwenyewe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na msimamizi wake si mmiliki wake. Ya pili ni eka tatu, ambazo Serikali ilizitoa zilimwe na si kupigwa bei. Ya tatu ni urithi usiogaiwa, ambapo kaka mkubwa amekaa na ufunguo huku dada zake wako Wete na Tanga, nao hawana habari kuwa nyumba ya baba yao inatembezwa mitaani. Ugomvi mwingi wa ardhi unaotufikia masikioni huanzia katika mojawapo ya hizi tatu. Dalali angeuliza maswali mawili tu kabla ya kuchukua mteja, ugomvi ungezimika kabla haujawaka.

Tufikirie mfano wa mama mmoja mjane, ambao kila msomaji wetu ameshausikia kwa sura moja au nyingine. Mama huyu ameuza dhahabu yake, akaongeza na fedha za upatu, akampa dalali malipo ya kiwanja. Amepewa karatasi yenye saini tatu na muhuri usiosomeka. Baada ya miezi minane amepeleka matofali, na hapo akamkuta mtu mwingine amekwishachimba msingi, naye ana karatasi kama yake, kutoka kwa dalali yule yule. Mama anaweza kushitaki. Mahkama ya Ardhi ipo, nayo iliundwa na sheria ya mwaka 1994 kwa ajili ya migogoro kama hii. Lakini kesi ina siku zake, nauli zake na mashahidi wake, na wakati mama anahesabu tarehe za kesi, dalali anahesabu siku za kuhuisha leseni. Anafika dirishani, analipa, anagongewa muhuri. Mbele ya macho ya dola mtu huyu bado ni mfanyabiashara mwenye sifa njema! Muhuri ule unakuwa ndio chambo cha kumnasa mjane wa pili.

Ndiyo maana tunasema kuwa leseni ni amana. Dola inapompa mtu karatasi ile inawaambia raia wake kwamba wanaweza kumwamini. Mwananchi anayeiona ukutani mwa afisi haoni risiti ya ada. Anaona neno la Serikali yake. Neno hilo likitolewa bila kuangalia mwenendo wa anayepewa, anayepungukiwa heshima ni Serikali yenyewe.

Mwezi Julai mwaka 2025 Serikali ya Muungano ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa Tanzania Bara, na udalali wa biashara na wa nyumba ni miongoni mwa hizo. Mgeni aliyekuwa na leseni hai aliachiwa amalize muda wake, lakini leseni hiyo haihuishwi tena. Raia anayemsaidia mgeni kuivunja amri hiyo naye anawekwa hatiani. Amri hiyo haikuvuka bahari, kwani leseni za biashara si jambo la Muungano. Hata hivyo ina somo kwetu. Imeonyesha kuwa wakati wa kuhuisha leseni ni mlango ambao Serikali inaweza kuufungua au kuufunga kwa sababu za maana. Kule Bara mlango huo sasa unauliza uraia. Sisi tungependa uulize na uadilifu pia, kwa kuwa mjane aliyedhulumiwa hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kuwa aliyemdhulumu ni mzalendo mwenzake.

Majirani zetu wamekwishapita njia hii. Kenya ilitunga sheria ya mawakala wa majumba mwaka 1984 na kuunda bodi ya kuwasajili, na wakala hutakiwa kuwa na cheti cha kufanya kazi cha kila mwaka. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na wengine wanaifanya kazi hiyo hiyo, iliunda wakala wa serikali wa kusimamia biashara ya majumba mwaka 2007. Mwaka huo huo ikatunga sheria ya kuziweka fedha za wanunuzi wa nyumba zisizokwisha kujengwa katika akaunti maalumu, ili mjenzi asizitumie kwa shughuli nyingine. Hatusemi tuige kila kitu cha watu, maana nchi yao si yetu na ardhi yao haikupitia historia ya ardhi yetu. Tunasema kuwa jambo hili linawezekana, na kwamba walioanza kabla yetu hawakufilisika kwa sababu ya kuwabana madalali wao.

Sisi tunapendekeza kuwa kila anayekuja kuhuisha leseni ya udalali wa nyumba na ardhi ajibu maswali manne.

Kwanza, fedha za wateja ameziweka wapi? Kodi ya mpangaji na malipo ya mnunuzi si fedha za dalali mpaka kazi ikamilike. Ziwe katika akaunti yake ya pekee benki, na taarifa ya akaunti hiyo aje nayo mkononi.

Pili, daftari lake liko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tunakumbuka kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, imehusu kuandikiana madeni mbele ya mashahidi kwa kalamu ya mwandishi muadilifu. Ikiwa deni dogo limepewa uzito huo, nyumba ya mtu itaandikwa nyuma ya bahasha? Daftari lionyeshe jina la mwenye mali, hati aliyoonyesha, mnunuzi au mpangaji, kiasi kilicholipwa na ujira uliochukuliwa.

Tatu, ana malalamiko gani dhidi yake? Masheha ndio wanaosikia kilio cha kwanza. Tunashauri kila sheha apeleke kwa maofisa wa leseni malalamiko aliyoyapokea, na dalali apewe nafasi ya kujibu kabla ya kuhukumiwa. Anayeshitakiwa kwa chuki asipoteze riziki yake, lakini anayelalamikiwa na watu watano asikingwe na muhuri.

Nne, anaijua sheria? Dalali asiyeweza kueleza tofauti ya haki ya matumizi, ukodishaji na wakfu ni sawa na nahodha asiyejua maji kupwa na maji kujaa. Semina ya siku moja kwa mwaka, ikifuatiwa na maswali machache, haitamwumiza mtu. Faida yake itaonekana mahkamani, ambako kesi zitapungua.

Tunajua yatakayosemwa. Yatasemwa kwamba tunaongeza urasimu, na kwamba ofisa akipewa maswali manne ya kuuliza atapata njia nne za kuombea chai. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kwa hiyo masharti yawe ya pande mbili. Dalali aliyeleta vielelezo vyake kabla muda haujapita apate jibu katika siku zilizotajwa, kwa maandishi. Akikataliwa aambiwe sababu na pa kukata rufaa. Ofisa anayeuweka mkoba wa watu mezani mwezi mzima bila sababu anawasukuma waaminifu katika kufanya kazi bila leseni, na kazi isiyo na leseni ndiyo maficho ya wezi.

Hapa pana neno la kusema na viongozi na maofisa wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Februari mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi, ilipokutana hapa Zanzibar, ililegeza masharti hayo. Hatufufui mjadala huo. Tunakumbusha tu kwamba sharti lilipolegezwa, sababu yake haikufa: mtu hawezi kuwa mwenye nyumba, jamaa wa dalali na mgonga muhuri wa dalali huyo huyo, kisha akategemewa kuwa hakimu wa haki. Ofisa mwenye maslahi katika biashara hii aseme wazi na akae kando faili la jamaa yake linapopita.

Wala tusiwasahau madalali wema, nao ni wengi. Yupo anayekataa kuchukua ujira mpaka amemwona mwenye nyumba kwa macho yake. Yupo anayemwambia mteja, "Hii niache, ina warithi." Mtu wa namna hii leo analipa ada ile ile na kupata muhuri ule ule anaoupata tapeli. Baya zaidi, tapeli humshinda sokoni, kwa kuwa asiyeuliza maswali humaliza biashara mapema. Utaratibu tunaouomba utakuwa ngao ya mwaminifu kabla ya kuwa fimbo ya mwovu. Majina ya waliohuishwa yabandikwe kila mwaka katika afisi za masheha, na mwaminifu hatahitaji tangazo lingine.

Mwisho tunawageukia wananchi. Serikali haiwezi kukaa mlangoni kwa kila mtu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba kuiona leseni na utazame tarehe yake ya mwisho. Nenda kwa sheha uulize nyumba ni ya nani. Waulize majirani kama kuna warithi. Usilipe gizani, usilipe bila stakabadhi, na usione haya kuuliza. Aibu ya kuuliza ni ya saa moja, na hasara ya kutouliza hurithiwa na watoto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa huu tunauona. Kila mwaka leseni zinapohuishwa Serikali inapata nafasi ya kuuziba bila gharama kubwa, kwa maswali manne na kwa maofisa wasioogopa kuyauliza. Mwaka huu mama yule aliyeuza dhahabu yake na akute, safari hii, kwamba muhuri aliouamini ulikuwa na maana.