Mgonjwa Haulizwi Uji, Je, Anayeupika?

Askari anapopelekwa kulinda mpaka, jina lake huandikwa, mshahara wake hujulikana, na siku za likizo yake huhesabiwa. Mkewe aliyebaki akimtunza mama mkwe aliyepooza haandikwi popote. Usiku huamka kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Alfajiri humwogesha, humlisha na kufua mashuka, kisha huelekea shambani. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika nyumbani, watu hudhani haina gharama.

Hapa Uganda, mwaka 2010 Serikali ilianzisha mpango wa ruzuku kwa wazee, ambao malipo yake yalifikia shilingi 25,000 kwa mwezi. Katika wilaya za mwanzo walilipwa wenye umri wa miaka 65, na Karamoja miaka 60. Mpango ulipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri wa kuandikishwa uliwekwa kuwa miaka 80. Fedha hizo ni msaada wa kweli, lakini ni haki ya mzee. Mtunzaji hakuwekewa fungu lake.

Mwendo huu wa polepole haukuanzia kwetu. Uingereza ilianza kuwalipa watunzaji mwaka 1976, lakini wanawake walioolewa wakaachwa nje, kwa hoja kwamba wao wangekuwa nyumbani vyovyote vile. Walikubaliwa mwaka 1986, baada ya mke mmoja aliyeacha kazi ili amtunze mama yake kudai haki, na shauri lake kufika Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya. Miaka kumi ilipita kabla jasho lao halijahesabiwa kuwa kazi.

Sera huweza kungoja, mgonjwa hangoji. Yako mambo ambayo jamaa waweza kuyatenda sasa. Kwanza, waitazame tarehe ya kuzaliwa katika kitambulisho cha taifa cha mzee, na kama ina kosa waombe irekebishwe mapema, kwani umri wake huhakikishwa kwayo. Pili, ndugu wote, wanaume kwa wanawake, wagawane zamu, mzigo usimlemee mmoja. Tatu, askari atumapo fedha za dawa ya mama, atenge pia kiasi cha mtunzaji mwenyewe. Na arudipo likizo, ashike zamu ya usiku.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Anayeupika, yeye aulizwe kama amelala.