Si Kila Bakteria wa Kilindini ni Mfungwa

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba bakteria akishahamia ndani ya mnyama wa bahari kuu, jenomu yake husinyaa mpaka abaki kiungo tu cha mwenyeji. Ushahidi wake? Kombe mmoja! Ni kweli, bakteria wa kombe Calyptogena magnifica, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007, amebakiwa na herufi milioni 1.2 hivi. Lakini huyo hurithishwa kupitia mayai. Hatoki nje, hakutani na bakteria wengine, na jeni ikimpotea hana pa kuiokota.

Sasa amtazame mnyoo Riftia pachyptila wa chemchemi za moto za Pasifiki, ambaye akikomaa hana mdomo wala utumbo. Utegemezi gani unaozidi huo? Hata hivyo jenomu ya bakteria wake inapita herufi milioni 3, zikiwemo jeni za mkia wa kuogelea. Wanauhitaji, kwa sababu kila kizazi cha mnyoo huwapata upya kutoka majini, wakimpenyea kwenye ngozi. Tena mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mnyoo akifa, bakteria hao hutoka wakiwa hai. Mfungwa gani huyo?