NASAHA ZA NYUMBANI: Kioo cha Kutazamia Nyuma

Twarejea tena katika ukurasa wetu huu wa mambo ya nyumbani. Safari hii hatutazungumza habari za jiko wala za malezi, bali habari ya kitu kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, nacho ni kioo cha kutazamia nyuma katika baiskeli ya umeme. Asaa mtu atacheka akisema, Maalim amekosa la kuandika. Na asome kwanza, kisha acheke akipenda.

Sababu ya maneno haya ni suala nililoulizwa. Jioni moja, baada ya kuwaaga wanafunzi, mama wa mmoja wao alisimama mlangoni pa madrasa akaniambia: "Shikamoo, Maalim. Baba yao amenunua baiskeli ya umeme, na kila asubuhi humpakia mtoto nyuma. Nami nataka atie kioo, lakini yeye asema kioo ni pambo tu. Na dukani vimo vya namna nyingi, sijui hata kipi ni kipi. Wasemaje?" Nilimwomba anipe muda. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa jibu la aibu juu ya nafsi yangu. Leo nalitoa mbele ya wote, ili lipate kumfaa yeye na wengineo.

Hapa kwetu Tanga ni mji ujulikanao tangu zamani kwa wingi wa baiskeli, nami nimepanda baiskeli tangu utotoni. Magoti yalipoanza kunisumbua, mwanangu aliniletea baiskeli ya umeme. Ilikuja na kioo kimoja, nacho kimefungwa upande wa kushoto. Nilifurahi nacho wala sikuuliza kwa nini kimekaa kushoto. Muda wa miezi miwili kioo kile kilinionyesha mtaro, kuta za maduka na mbuzi wa watu, nami nikadhani naona nyuma.

Siku moja kabla ya Magharibi nilikuwa katika barabara kuu iendayo Pongwe, na mjukuu wangu wa miaka 7 ameketi nyuma yangu. Nikataka kukata kulia kuingia njia ya kwetu. Nikatazama kioo, nikaona hakuna kitu, nikaanza kukata. Mara mtoto akapiga ukelele, "Babu, gari!" Nikarudi kushoto kwa pupa, na lori likapita ubavuni petu kwa upepo ulioniondoa kofia kichwani. Tuliiokota barabarani imekuwa bapa kama chapati. Mtoto hakulia, alinishika kiuno mpaka tukafika nyumbani, na usiku ule sikulala.

Basi kosa lilikuwa nini? Kioo nilikuwa nacho, nacho kilikuwa safi, walakini kilitazama upande usio na hatari. Baiskeli nyingi za namna hii hutengenezwa China, na huko vyombo hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari lipitalo hutokea kushoto kwa mpanda baiskeli. Kwetu Tanzania, na vivyo hivyo Kenya na Uganda, twapita kushoto, na gari lipitalo hutokea kulia. Kwa hiyo la kwanza la kukumbuka ni hili: kioo kikiwa kimoja, kwetu mahali pake ni kulia. Ndugu zetu walioko Rwanda, Burundi, Kongo na Omani, ambako vyombo hupita kulia, na wageuze maneno haya, kwao kioo cha kwanza ni cha kushoto. Mwenye uwezo na atie viwili.

Ikiwa mtu atauliza: Mbona baba zetu walipanda baiskeli miaka yote bila ya kioo? Twamjibu: Baiskeli ya miguu ilikwenda polepole, na mwenyewe aligeuza shingo akatazama bila ya taabu. Baiskeli ya umeme ikienda kilomita 25 kwa saa, hukata takriban mita 7 kwa kila sekunde moja. Ukigeuza kichwa kwa sekunde mbili, umekwenda mita 14 bila ya kuona mbele, na katika mita 14 huweza kuwamo shimo, mtoto, au mkokoteni. Tena lori la kilomita 60 kwa saa lililo mita 50 nyuma yako litakufikia katika muda wa sekunde 5 hivi. Na upepo wa mwendo hujaza masikio, hasa masikio ya sisi tuliokwisha kupita miaka 50.

Sasa tuje katika kuchagua.

Kwanza, umbo la kioo. Kuna kioo bapa na kuna kioo mbinuko, yaani kilichotokeza mbele kidogo kama mgongo wa kijiko. Watu husema kioo hakisemi uwongo. Kioo bapa ni kweli hakisemi uwongo juu ya umbali, lakini huonyesha sehemu nyembamba ya barabara. Kioo mbinuko huonyesha sehemu pana, na kwa hiyo hufaa zaidi katika baiskeli. Ila hukifanya kila kitu kionekane kidogo, na kilicho kidogo twadhani ki mbali. Gari uonalo humo ni karibu kuliko unavyodhani. Mimi nachagua mbinuko wa kadiri, usiozidi mno, kisha najifundisha kukijua.

Pili, mkono wa kioo. Uwe na urefu wa kukitoa kioo nje ya kiwiko chako, la sivyo utaona mkono wa kanzu yako ukipepea, au buibui la mpandaji, wala huoni barabara. Mwenye kumpakia mtoto au kapu ahitaji mkono mrefu zaidi kidogo. Lakini usipite kiasi, kwani mkono mrefu na mwembamba hutetemeka, na picha ikitetemeka huwezi kupambanua lori na mti. Usikijaribu kioo kwa kukitazama mlangoni pa duka tu. Mwombe mwenye duka upande hatua chache katika njia mbovu.

Tatu, kitu kilichotengenezewa. Kioo cha kigae hakikwaruziki upesi, lakini huvunjika na vipande vyake hukata. Cha plastiki hakivunjiki hivyo, lakini ukikifuta kwa kitambaa kilicho na mchanga hukwaruzika, na baada ya muda hufanya ukungu. Cha plastiki kioshe kwa maji kwanza, ndipo ukifute.

Nne, namna ya kufunga, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko watu wanavyojua. Vioo vingine huchomekwa katika ncha ya usukani, vingine hufungwa kwa pete inayouzunguka usukani, na vingine hutiwa kwa bolti katika tundu lililo karibu na mkono wa breki. Basi jua kwamba baiskeli nyingi za umeme zina mshikio wa kuongeza mwendo, nao huwa upande wa kulia, upande ule ule tunaotaka kutia kioo. Kioo cha kuchomeka kikiubana mshikio ule, utauzungusha na hautarudi, na baiskeli itaendelea kukuvuta hali wewe wataka kusimama. Kwa hiyo upande wa mshikio wa mwendo, kioo cha pete au cha bolti ni salama zaidi, nacho kikae upande wa ndani ya mshikio. Atakayechomeka na aache nafasi ndogo baina ya kioo na mshikio. Na kwa vyovyote vile, baada ya kufunga, zima umeme, zungusha mshikio mpaka mwisho, kisha uachie. Usiporudi wenyewe mara moja, usipande.

Kabla ya kununua cha pete, pima usukani. Mahali pa mshikio unene wake kwa kawaida ni milimita 22 na ushei, na katikati huwa mnene zaidi. Pete iliyo kubwa huteleza, na iliyo ndogo hukwaruza. Kata ukanda wa tyubu kuukuu uutie baina ya pete na usukani. Huzuia kuteleza na hupunguza kutetemeka. Angalia pia nyaya. Katika baiskeli nyingi za umeme, waya mwembamba utokao katika mkono wa breki ndio unaokata nguvu ya mota pale ubanapo breki. Ukiubana kwa pete ukakatika, umejitilia hatari kwa kutafuta usalama. Bolti ianze kuingia kwa vidole vyako kabla ya spana. Ikikataa, usiilazimishe: huenda si ya kipimo chake, au nyuzi zake ni za kinyume. Mpelekee fundi.

Tano, kukiweka sawa. Kazi hii yafaa ifanywe na watu wa nyumbani pamoja, nayo haina gharama. Keti juu ya baiskeli kama uketivyo njiani, na mtu akushikilie. Geuza kioo mpaka katika ukingo wake wa ndani uone sehemu ndogo ya kiwiko chako tu, na barabara ya mbali ikae katikati ya kioo, si juu wala chini. Kisha mkubwa mmoja asimame hatua 20 nyuma yako upande wa kulia. Mtazame kwanza katika kioo, halafu geuka umtazame kwa macho, ili ujue namna kioo kinavyomfanya aonekane mbali. Halafu na aje polepole akipita kuliani kwako. Patakuwa na mahali ambapo atatoweka katika kioo naye bado hujamwona kwa pembe ya jicho. Mwambie asimame hapo hapo. Pale aliposimama ndipo paliposimama lori langu siku ile, na hata kioo kilicho bora na kilichofungwa vema hupaacha mahali hapo.

Kwa ajili hiyo nasema, na hili ndilo neno ninalotaka libaki baada ya mengine yote kusahauliwa: kioo si jicho. Kioo chakwambia, "Kuna gari, ngoja." Hakina haki ya kukwambia, "Hakuna gari, kata." Neno hilo la pili ni la shingo peke yake. Basi utaratibu uwe huu: tazama kioo mapema, kikionyesha gari, subiri lipite, kikiwa kitupu, toa ishara ya mkono, geuza shingo utazame kwa upesi begani, kisha ndipo ukate. Na kama shingo yaumwa kama yangu, shuka kando ya barabara, simama, tazama pande zote, uvuke kwa miguu. Hakuna aibu katika kushuka.

Yuko atakayesema kwamba ajali haizuiliki ikiwa imekwisha kuandikwa. Twamwambia: kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kutengeneza sababu, na mtoto aliye nyuma yako ni amana. Hakuchagua njia wala mwendo. Amekushika kiuno kwa kukuamini.

Yule mama nilimweleza haya yote, nikamwonyesha na kioo changu, ambacho sasa ki kulia. Juma lililofuata mumewe alipita madrasani kumchukua mtoto. Alikuwa ametia kioo cha kulia, cha pete, na ukanda wa tyubu chini yake. Hakusema neno juu ya pambo. Aliniuliza tu, "Maalim, nikikata kulia, nitazame kwanza kioo au shingo?" Nikamjibu, "Vyote viwili, na shingo iwe ya mwisho." Akampakia mtoto, akatazama kioo, akageuza shingo, akaondoka.

Mwezi ujao, Insha'Allah, tutazungumza juu ya kuchaji betri za baiskeli hizi ndani ya nyumba, na mahali pasipofaa kuziweka usiku. Wassalaam.